Mnyama Asiyekuwapo
Hapa Hamugembe wapo wenzetu wanaoikataa michoro ya Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1972, ati viumbe wake wa wino, rangi na vipande vya picha za majarida si utamaduni wetu. Twawauliza: mazimwi wa hadithi za bibi zetu walipigwa picha na nani? George Lilanga, Mmakonde aliyefariki mwaka 2005, alichora mashetani wenye masikio makubwa na vidole vichache; leo twamsifu. Kwa nini basi mwanafunzi abuniye mnyama wake, akambandika gome kama walilovaa mababu wa Buhaya, anyimwe alama, ilhali anakiliye twiga wa kadi za watalii hupewa zote?