Kicheko cha studio, kinyongo cha Kakamega

Mwaka jana nilialikwa Kakamega kwenye harusi ya mtoto wa rafiki yangu, mwalimu mstaafu tuliyejuana zama akifundisha Kisauni. Jioni tumeketi sebuleni na chai, wajukuu wamejilaza zuliani, runinga iko kwenye taarifa ya saa moja. Akaonyeshwa mama mmoja wa huko huko Magharibi, nyumba yake imeezuliwa na upepo. Alisema Kiswahili, lakini Kiswahili chenye Kiisukha ndani yake, "bati" ikawa "pati". Mimi mtu wa Mombasa nilimwelewa neno kwa neno. Chini ya picha wakamwekea maandishi, kama kwamba anasema Kichina. Kamera iliporudi studioni, mtangazaji alikuwa anauma mdomo asicheke.

Watoto wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alichukua rimoti, akazima, akasema polepole, "Yule mama ni marika ya dada yangu."

Stesheni siitaji, na wala si moja. Yeyote anayefuatilia vyombo vyetu vya Nairobi ameona mchezo huu mara nyingi: mtu amefikwa na msiba, anahojiwa, na kesho yake kipande cha maneno yake kinazunguka kwenye simu kwa ajili ya lafudhi tu. Msiba wenyewe umesahauliwa.

Nitaambiwa sina ucheshi. Si kweli. Papa Shirandula wa Citizen nilikuwa simkosi, na Charles Bukeko alipofariki Julai 2020 nilihuzunika kama mwenzangu yeyote. Mzee Ojwang' tulimpenda kwa lafudhi yake ya Kijaluo, ilhali Benson Wanjau mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Lakini vichekesho hubisha hodi kwanza. Unajua umeketi kucheka. Taarifa ya habari haina ruhusa hiyo. Na jiulize, kwa miaka yote ile Papa akiwa bawabu, ni Mluhya gani mwingine tuliyeonyeshwa kwenye runinga ya taifa? Mpishi. Mla ugali na kuku. Daktari, hakimu au mhandisi mwenye lafudhi ile ile hatukumwona, na hao wapo, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko hapo hapo mjini Kakamega.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Wales, ndani ya Uingereza kwenyewe, wana lugha yao, na magazeti ya London yameitukana kwa muda mrefu sana. Mwaka 1847 makamishna wa serikali waliandika ripoti wakiilaumu lugha hiyo kwa ujinga na hata kwa tabia mbovu za watu. Mwaka 1866 gazeti la The Times likaiita laana ya nchi ile. Katika shule za karne hiyo mtoto aliyeponyokwa na neno la Kiwelshi alivishwa kibao shingoni, kikipokezanwa mpaka jioni, na wa mwisho kukutwa nacho akachapwa. Hata mwaka 2011 Jeremy Clarkson bado alikuwa akiuliza kwenye safu yake lugha hiyo ni ya faida gani.

Kibao hicho tunakijua. Ngũgĩ wa Thiong'o alikieleza mwaka 1986 kwa habari za shule za huku, na mwalimu mwenyeji wangu alikivaa Kakamega akiwa darasa la nne. Tena ananiambia kilichomuuma si fimbo. Ni kuwa aliyemchongea alikuwa binamu yake.

Wawelshi hawakunyamaza. Mwaka 1980 mwanasiasa wao, Gwynfor Evans, alitangaza kuwa atafunga kula mpaka afe iwapo serikali ya Thatcher haitatimiza ahadi ya televisheni kwa lugha yao. Serikali ikarudi nyuma, na S4C ikaanza kurusha matangazo Novemba 1982.

Kwetu Kenya hakuna aliyefunga. Soko ndilo lililofungua mlango. Kuanzia Kameme FM ya Kikuyu mwaka 2000 vituo vya watu binafsi vya lugha za mama vikazagaa, na Waluhya wakapata Mulembe FM na vinginevyo. Vyombo vikubwa vikaviita "redio za kienyeji", kwa namna ile ya kubinua mdomo. Ajabu, kuku wa kienyeji tunamlipia zaidi kuliko wa gredi.

Halafu yakaja ya 2007 na 2008. Vituo vya lugha za mama vilinyoshewa kidole kwa uchochezi, na baadhi ya lawama zilistahili. Nilikuwa hai, nakumbuka yaliyosikika. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alifikishwa The Hague, na kesi ikakatizwa Aprili 2016. Lakini mjadala uliishia hapo, kwamba lugha ndiyo hatari. Sikusoma wahariri wengi wakijiuliza kwa nini mamilioni ya watu waliwakimbia wao na kwenda huko.

Mimi naona jibu lilikuwa sebuleni kwa mwalimu. Mtu akichekwa kwenye redio ya taifa, atahamia ile ambayo hachekwi. Akishahamia, anayemkuta huko peke yake ni mwanasiasa, maana mwanasiasa hajali lafudhi ila kura. "Wakija kampeni wote wanajua kusema mulembe," aliniambia mwalimu. "Baada ya hapo sisi ni masoja tena." Kinyongo cha namna hii hakionekani kwenye kura za maoni. Hukaa kimya mpaka apatikane wa kukitumia.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inaitaka Serikali ikuze na ilinde lugha za watu wa Kenya. Mhariri hakutajwa hapo. Hata hivyo haizuiliwi kwake kumfunza ripota wake kwamba lafudhi si habari.

Na sisi wa Pwani tusijitoe. Tunalalamika, na ni haki yetu, kwamba sauti ya Kipwani kwenye matangazo ni ya mganga au ya mvivu chini ya mnazi. Lakini nendeni kwenye baraza zetu za Mji wa Kale msikilize tunavyomwiga mtu wa bara. Kuna jengo nilijualo, mlinzi wake yuko mwaka wa kumi na moja, na wapangaji wanamwita "Mluhya". Niliuliza jina lake, wanne hawakulijua. Wazee wetu waliokwenda na misafara mpaka kwa Nabongo, Mumias, karne ya 19, walijifunza Kiwanga, kwani wangeuzaje? Uislamu ulifika huko kwa ndimi hizo, na hakuna aliyemwandikia mwenzake tafsiri chini ya kidevu.

Siku ya kuondoka niliamka alfajiri. Baada ya swala nikamkuta mwalimu jikoni, redio yake ndogo kwenye kabati inasema Kiluhya. Nilishika "mulembe" na bei ya gunia la mahindi. Akanifasiria yaliyobaki, huku akinimiminia chai, na mara mbili alinisahihisha nilivyotamka jina la kijiji chake.