Mtoto Akiuliza, Si Kwamba Ametenda



Katika familia zetu za Kikatoliki ipo dhana moja ambayo mwezi huu tunataka kuipinga waziwazi, hata kama wapo watakaonuna. Ni dhana kwamba kijana anayeuliza habari za mwili wake tayari ameanza kuharibika. Binti wa miaka 13 akimwambia mama yake kwamba anaona ute mweupe kwenye nguo ya ndani, anaulizwa, "Umekuwa na nani?" Mvulana akiuliza kwa nini ameamka shuka limelowa, anatumwa kuungama. Kumbe ute huo, usipokuwa na harufu mbaya wala muwasho, ni kazi ya kawaida ya mwili unaokua. Na yaliyompata mvulana usingizini si ugonjwa, wala si dhambi, kwa kuwa aliyelala hakuamua kitu.

Dhana hiyo ina pacha wake: kwamba mtoto wa kwaya au mtumishi wa altare hajui lolote. Kubalehe hakuangalii sare ya kwaya. Kwa wasichana wengi huanza kati ya miaka 8 na 13, kwa wavulana kati ya 9 na 14, na wakati huo wamekwisha kusikia mengi shuleni na kuona mengine kwenye simu ya kaka. Zamani bibi na shangazi walikuwa na zamu yao ya kufundisha. Leo shangazi yuko mjini, mama anamsukumia katekista, katekista anamsukumia mwalimu, na mwalimu anawaogopa wazazi.

Wengine husema Kanisa limekataza. La hasha! Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, ulitaka watoto wapewe elimu ya jinsia iliyo njema na ya busara, kadiri umri wao unavyoongezeka. Papa Yohane Paulo wa Pili, mwaka 1981, aliiita haki na wajibu wa msingi wa wazazi. Wa wazazi, si wa jirani.

Linalotutia hofu zaidi ni mtoto aliyefanyiwa ukatili, mara nyingi na mtu anayemfahamu, pengine hata mtu wa kuheshimika parokiani. Katika nyumba ambamo swali tu huleta kofi, atasema nini, na kwa nani? Na hapo saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI baada ya tukio kama hilo huanzishwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Mtoto aliyenyamaza wiki nzima akiogopa mkanda wa baba amekosa kinga hiyo, naye hakuwa na kosa lolote.

Basi mtoto akileta swali, mshukuruni kwanza kwa kuuliza, ndipo mjibu. Msipojua, nendeni naye kwa muuguzi wa zahanati. Akisema ameumizwa, mwaminini, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo kabla hajaoga, na nguo alizovaa msizifue.

Nanyi akina baba, msiseme hayo ni mambo ya mama. Mvulana wenu hatamweleza mama habari za shuka.