Nzi wa ndizi anaweza kuwa maabara ya shule zetu

Nilisoma biolojia miaka mingi hapa Bukavu bila kugusa chochote. Mwalimu aliandika ubaoni, sisi tukanakili. Siku ya mtihani tukarudisha yale yale. Shule haikuwa na maabara, na shule nyingi za Kivu hazina hadi leo. Jibu ni lile lile kila mwaka: hakuna pesa.

Je, ni pesa tu inayokosekana? Nyumba yenye ndizi zilizoiva sana haikosi wale nzi wadogo wenye macho mekundu. Wauza kasiksi wanawajua vizuri. Wataalamu wanawaita drosofila. Kwa nzi hao, Thomas Hunt Morgan wa Marekani alionyesha kwamba urithi hubebwa na kromosomu, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1933. Mwaka 2017, Wamarekani watatu waliipata kwa kueleza saa ya mwili, ile inayotuambia wakati wa kulala. Nao walitumia nzi hao hao.

Mwalimu anahitaji nini? Chupa ya plastiki, kipande cha ndizi, na karatasi iliyokunjwa kama faneli yenye tundu dogo. Nzi wanaingia, kutoka kunawashinda. Wahamishe kwenye chupa tupu, ufunge mdomo kwa kitambaa. Gonga chupa mezani: wanaanguka chini, kisha wanapanda. Wanafunzi wahesabu wangapi wamevuka nusu ya chupa kwa sekunde 10. Halafu funikeni nusu ya juu kwa kitambaa cheusi, mrudie. Je, nzi wanatafuta juu, ao wanatafuta mwanga? Lazeni chupa, mwone. Wanafunzi wakianza kubishana huku kila mmoja akionyesha hesabu yake, hiyo ndiyo sayansi.

Wazazi watasema nzi ni uchafu. Ni kweli, kwa hiyo chupa ibaki imefungwa na mikono ioshwe. Walimu watasema darasa lina wanafunzi wengi na mshahara haufiki. Hilo pia ni kweli, na chupa ya nzi haiondoi deni la serikali kwa shule zetu. Tuendelee kudai maabara. Lakini mtoto aliye darasani leo hawezi kungojea.

Ndugu mwalimu, juma hili usitupe ndizi iliyooza. Ipeleke darasani.