Mei 6 Isiyo na Rhotia

Kila ifikapo Mei 6, simu zetu hujaa orodha za "Leo katika historia". Amezaliwa Sigmund Freud, 1856. Roger Bannister amekimbia maili moja chini ya dakika nne mjini Oxford, 1954. Hindenburg, chombo cha angani cha Wajerumani kilichojazwa gesi, kimeteketea kikitua Lakehurst, Marekani, 1937. Orodha hizi hutungwa kwingine, nasi huzisambaza bila kuongeza hata mstari mmoja. Na mstari wa kuongeza tunao.

Jumamosi ya Mei 6, 2017, basi dogo la Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha, likiwapeleka wanafunzi wa darasa la saba Karatu kufanya mtihani wa majaribio, lilitumbukia katika korongo la mto Marera, Rhotia. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walionusurika walipelekwa Marekani kutibiwa.

Jumlisha, ndugu msomaji: 35. Kati ya watu 97 waliokuwamo ndani ya Hindenburg, walikufa 35, na mfanyakazi mmoja aliyekuwa chini. Tarehe ileile, hesabu ileile. Lakini baada ya Lakehurst, Marekani na Ujerumani zote zilichunguza, na biashara ya kubeba abiria kwa vyombo vya namna ile ikafa. Baada ya Rhotia, sisi tulijaza Uwanja wa Sheikh Amri Abeid kuaga miili, Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, akiwapo. Tukachanga rambirambi. Mwezi haujaisha, polisi wakamkamata Meya wa Jiji la Arusha pamoja na viongozi wa dini na waandishi wa habari waliokwenda shuleni hapo kutoa pole. Mjadala ukahama kutoka kwenye breki, mteremko na idadi ya abiria, ukawa ni nani mwenye haki ya kukabidhi fedha za msiba.

Julai 26, 2022, gari la wanafunzi likaua Mtwara. Aprili 12, 2024, jingine likasombwa na mafuriko Arusha, mji uleule uliolia mwaka 2017.

(Kwa wanaomhusudu Bannister: mwaka 1975 rekodi ya dunia ya maili ilivunjwa na Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu. Ilikuwa Mei 17. Sijaona orodha inayomtaja.)

Wapo watakaosema kukumbusha ni kutonesha vidonda vya wazazi. Hoja hii huvaa joho la huruma, lakini inamlinda mwingine kabisa. Mzazi hahitaji kalenda ili akumbuke. Anayeihitaji ni ofisa anayepitisha gari bila kuinama kutazama magurudumu yake, na mwenye shule anayehesabu ada kabla ya kuhesabu viti.

Kwa hiyo nataka Mei 6 iingie katika kalenda ya serikali. Sisemi iwe sikukuu. Za kupumzika tunazo za kutosha. Nataka kila halmashauri, siku hiyo, ibandike hadharani matokeo ya ukaguzi wa magari ya shule: namba ya gari, hali ya breki, idadi ya viti, na jina la aliyekagua. Karatu na ianze.