Huruma Isiyo na Maarifa

Katika mambo yanayowapoteza watu wema, hakuna lishindalo huruma isiyo na maarifa. Mkatili hujulikana kwa ukatili wake, na watu humkwepa au humzuia. Walakini mwenye huruma isiyo na maarifa hutenda madhara yake mchana kweupe, akisifiwa na majirani, na usiku hulala bila kushtakiwa na moyo wake. Nimeazimu kulieleza jambo hili kwa mfano wa kiumbe ambaye wengi hawaoni kuwa anastahili insha: mbwa aliyeshikwa na saratani.

Juu ya mbwa wa namna hiyo watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema, "Mbwa ni mbwa tu, akiugua na afe, wako wengine njiani." Kundi la pili huwapenda mbwa wao mapenzi ya kweli, na kwa ajili ya mapenzi hayo huamini kila liambiwalo: kwamba saratani itaondoka kwa nyama mbichi, kwa kitunguu saumu, kwa kumnyima mnyama ugali, au kwa chupa isiyo na jina ambayo mwuzaji wake husema yaongeza kinga ya mwili. Nayapinga makundi yote mawili. Lakini hili la pili nalipinga zaidi, maana nilipata kuwa mmoja wao, na gharama ya kosa langu alilipa mwingine.

Nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Nakuru, tulikuwa na mbwa aliyeitwa Simba. Alilinda boma letu miaka sita, na katika miaka hiyo hatukuibiwa hata kuku mmoja. Mwaka wa saba alianza kutokwa na damu katika tundu moja la pua, matone machache asubuhi, matone machache jioni. Baadaye uvimbe ukatokeza juu ya pua, chini kidogo ya jicho. Mzee mmoja jirani yetu, mtu mwema aliyeheshimiwa kijiji kizima, alimtazama akatikisa kichwa. "Mwanangu," aliniambia, "hiyo ni saratani, na saratani hulishwa na ugali. Mnyime ugali. Mpe maini mabichi na kitunguu saumu kila siku, na kinga ya mwili wake itaamka yenyewe." Nilimjibu, "Asante, mzee," nikafanya kama nilivyoagizwa, tena kwa bidii. Nilimtwangia Simba vitunguu kwa mikono yangu mwenyewe miezi mitatu.

Nilipompeleka hatimaye kwa daktari wa mifugo, mbwa alikuwa mifupa na ngozi. Daktari alichukua ute wa uvimbe, akautazama katika darubini, kisha akauliza nilikuwa nikimlisha nini. Nilipomwambia alinyamaza kidogo, akanifunua ufizi wa Simba: ulikuwa mweupe kama karatasi. Vitunguu vya namna zote, alisema, huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau: uvimbe ule ulikuwa wa namna ya saratani ambayo dawa yake yajulikana, na aghalabu hupona. Simba alidungwa sindano ya kwanza, na juma lililofuata ya pili. Kabla ya sindano ya tatu tulimzika chini ya mparachichi. Uvimbe ulikuwa umepungua nusu; mbwa ndiye aliyekuwa amekwisha.

Inafaa msomaji aijue saratani hiyo, maana hupatikana kwa wingi katika nchi ambazo mbwa huzurura ovyo, na Kenya ni mojawapo. Nyingine zote karibu huzaliwa katika mwili wa mgonjwa na kufa pamoja naye. Hii husafiri. Chembe zake hai hutoka kwa mbwa mmoja na kujipandikiza kwa mwingine wanapopandana, wanaporambana au wanaponusana. Kwa hiyo huweza kuota hata puani. Mwaka 1876 mganga wa wanyama wa Urusi, Mstislav Novinsky, alionyesha kwamba yaweza kupandikizwa toka mbwa hata mbwa, na wataalamu wa siku zetu wamepeleleza asili ya chembe hizo wakaona kuwa zote zatokana na mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Dawa yake kubwa ni vinkristini, ambayo hudungwa mshipani mara moja kwa juma, kwa majuma manne hata sita au zaidi kidogo. Na katika kila mbwa kumi watibiwao hivyo, tisa na zaidi hupona.

Tena dawa hiyo asili yake ni mmea wa Madagaska, ua la rangi ya waridi au jeupe lipandwalo kwa urembo katika nyua nyingi za pwani yetu. Hapa mpenzi wa mitishamba ataruka kwa furaha: "Si niliwaambia? Dawa imo katika majani!" Ndiyo, imo, lakini majani yale yale yakitafunwa ni sumu. Kilichoyafanya kuwa tiba ni kazi ya kuyachuja, kuyapima na kuyajaribu, hata ikajulikana ni kiasi gani kinachoua saratani na ni kiasi gani kinachoua mgonjwa. Sibishani na majani. Nabishana na kiasi kisichopimwa.

Mtego wenyewe upo hapa. Chembe za uvimbe huo hujificha mwanzoni zisitambuliwe na kinga ya mwili, kama mwizi aliyevaa nguo za mwenye nyumba. Mara nyingine kinga huzigundua, ikazishambulia, na uvimbe ukayeyuka wenyewe bila dawa yo yote. Fikiri sasa: mbwa mmoja akipona hivyo hali mwenyewe alikuwa akimpa kitunguu saumu, nani atakayesifiwa? Kitunguu. Habari zitaenea sokoni na kanisani, na watu mia watatwanga vitunguu. Wale ambao mbwa wao walikufa hawatasimama kutangaza, maana mfiwa hana hamu ya kuhutubu. Hivyo ndivyo uongo upatavyo mashahidi waaminifu. Mzee wetu hakunidanganya. Yeye mwenyewe alidanganywa na mbwa mmoja aliyepona.

Yuko atakayenijibu kwamba tiba ya kuamsha kinga si ndoto. Kweli, si ndoto. Mwaka 1891 William Coley, mpasuaji wa New York, alianza kuwadunga wagonjwa wa saratani vijidudu vya maradhi ili kuichokoza miili yao ipigane. Mwaka 2018 James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua namna ya kuondoa breki zinazozuia kinga isiishambulie saratani. Na mbwa hawakusahauliwa. Chanjo ya kutibu melanoma ya mdomoni mwa mbwa ilipata idhini ya masharti Marekani mwaka 2007 na idhini kamili mwaka 2010. Hiyo hubeba maagizo ya chembe za binadamu, yanayofanana na ya mbwa lakini si sawasawa, ili kinga ishtuke na kuona kuwa adui yumo nyumbani. Mwaka 2023 dawa ya kuondoa breki za kinga ya mbwa ilipewa huko huko idhini ya masharti, kwa namna mbili tu za saratani.

Lakini yatazame maneno haya vizuri. Chanjo ile ni ya melanoma ya mdomoni, si ya kila uvimbe. Hutolewa baada ya uvimbe wenyewe kukatwa au kuchomwa kwa mionzi, si badala yake. Na wachunguzi walioipima baadaye hawakupatana juu ya nguvu zake, wengine wakiona faida na wengine wasione. Hivi ndivyo isemavyo elimu ya kweli: hutaja mpaka wake. Mwuzaji wa chupa hana mpaka. Dawa yake hutibu melanoma, ini, mifupa, homa na uchovu, kwa mbwa, kwa paka na kwa mwenye mbwa. Ewe msomaji, dawa inayodai kutibu kila kitu imekwisha kukiri kuwa haijapimwa kwa kitu cho chote.

Sasa natazama chakula, maana ndicho kivutacho watu wengi zaidi. Hoja yao huanza na ukweli. Otto Warburg wa Ujerumani alionyesha katika miaka ya 1920 kwamba chembe za saratani hutumia sukari kwa uroho. "Basi," wasema, "tumnyime mbwa wanga, saratani ife njaa." Wanasahau kwamba mwili una ghala yake na kiwanda chake: ini la mbwa hutengeneza sukari kutokana na nyama, na mwili usipopata chakula cha kutosha huyeyusha misuli yake wenyewe. Uvimbe hula kwanza. Anayekufa njaa ni mbwa. Nao watoao nyama mbichi wakumbuke kwamba nyama hiyo huweza kubeba vijidudu vya salmonela, na kwamba mbwa aliye katika dawa za saratani hana askari wa kutosha wa kuvikabili.

Je, chakula hakina kazi? Kinayo, na kubwa. Mwaka 2000 ilitangazwa habari ya uchunguzi wa mbwa 32 wenye saratani ya tezi iitwayo limfoma. Baadhi yao waliongezewa chakulani mafuta ya samaki pamoja na aginini, kiungo kimoja cha protini, na katika mbwa waliokuwa daraja ya tatu ya ugonjwa ilionekana faida ya kuishi zaidi. Lakini wote, waliopewa mafuta yale na wasiopewa, walidungwa dawa ya saratani. Chakula kilikuwa msaidizi wa dawa, hakikuwa dawa. Mgonjwa haulizwi uji, wahenga walisema, wala hawakusema kwamba uji ndio mganga.

Tena kazi kubwa ya chakula huja kabla ya ugonjwa. Yuko mnyoo mwekundu aitwaye Spirocerca lupi, ambao mbwa wa Kenya wamepata kuchunguzwa kwao. Mayai yake hutoka katika kinyesi cha mbwa, yakaliwa na yule mdudu mweusi avingirishaye kinyesi; mbwa hula mdudu huyo, au kuku au mjusi aliyemla, na mnyoo hujenga kinundu kooni, ambacho baadhi ya nyakati hugeuka saratani. Mbwa aliyelishwa vizuri nyumbani, akapewa dawa ya minyoo na asitupiwe matumbo mabichi ya kuku, amekingwa na mengi. Na mahindi yaliyoota ukungu, ambayo wengi wetu husema, "Haya yatamfaa mbwa," yana sumu ile ile iliyoua watu 125 katika wilaya za mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Sumu hiyo huangamiza ini la mbwa, na katika binadamu huleta saratani ya ini. Ajabu ya mambo ni kwamba tunamlisha mbwa uozo miaka sita, kisha akiugua tunamtafutia maini bora!

Najua kundi la kwanza linanisubiri kwa swali lake: "Ya nini maneno yote haya kwa mbwa, hali watoto wa watu hawana dawa?" Swali hili ni zito, nami silikimbii. Simwambii mtu auze shamba amtibu mbwa. Mwenye kuchagua kati ya sindano ya mbwa na karo ya mtoto na alipe karo, wala asione haya. Lakini wengi wausemao msemo huo hawajampa mtoto ye yote kile walichomnyima mbwa. Tena mambo ya mbwa na ya watoto hayako mbalimbali kama wadhanivyo. Kuwafunga mbwa wasizurure, na kuwahasi, huzuia saratani ile ya kuambukizana. Na mbwa asiyezurura, aliyechanjwa, hamletei mtoto kichaa cha mbwa, maradhi ambayo Kenya iliweka mpango mwaka 2014 wa kuyakomesha ifikapo mwaka 2030. Na zaidi ya hayo, mbwa hupata saratani kama tuipatavyo sisi, katika nyumba ile ile, akivuta hewa ile ile. Mengi yaliyojulikana kwake yamewafaa binadamu. Amtupaye mbwa jalalani ametupa na kitabu.

Basi, mwenye mbwa mgonjwa afanye nini? Asingoje miezi mitatu. Mficha maradhi kilio humfichua, na mchelewesha maradhi ni ndugu yake. Ampeleke kwa daktari wa mifugo, aulize maswali manne: Je, uvimbe huu ni wa namna gani, na umethibitishwa kwa darubini? Dawa unayonipa imejaribiwa kwa mbwa wangapi, na wangapi walipona? Mbwa atateseka kiasi gani kwa dawa yenyewe? Na tusipomtibu itakuwaje? Akiambiwa kwamba ni limfoma, atajua kwamba bila dawa mbwa wengi hufa katika mwezi mmoja au miwili, na kwa dawa nyingi pamoja huweza kuishi yapata mwaka, lakini wachache tu hupona kabisa. Huo ni ukweli mchungu, walakini mtu huweza kuamua kwa ukweli mchungu. Kwa uongo mtamu haamui neno, huamuliwa. Na ikiwa hapana tiba, au haiwezekani, daktari aweza kumpunguzia mnyama maumivu, na mwisho kumlaza usingizi asioamka. Hilo nalo ni tendo la huruma, na mara nyingi ni gumu kuliko kutwanga vitunguu.

Watu huniambia nisijilaumu, kwa sababu nilitenda kwa mapenzi. Nawashukuru, lakini siwakubali. Simba hakuhitaji mapenzi yangu zaidi. Aliyapata yote, asubuhi na jioni, katika bakuli. Alihitaji niulize swali moja mapema. Mnyama hawezi kukataa dawa mbaya wala kuomba nzuri. Hula kile anachopewa na mkono aupendao, akitikisa mkia. Kwa sababu hiyo mkono huo unalo deni la kujua unachompa.