Tule Hotelini Kwetu Hata Kusi Likivuma

NENO LA PWANI
Na Mwanajuma Shee

Mgeni akija Lamu mwezi wa Disemba, kaskazi inavuma vizuri na samaki ni tele. Msimu huo kila mwenye jiko anaweza kufanya biashara. Mimi humpima mwenye hoteli mwezi wa Mei. Kusi limeshika, mashua ndogo hazithubutu kuvuka mwamba, bei ya changu imepanda, wageni wamekwenda zao. Anayewasha jiko wakati huo anatupikia sisi wenye mji.

Nazungumzia zile hoteli za chakula zilizo mikononi mwa familia moja tangu enzi za babu. Baba yuko kaunta, mama na binti zake ndio wenye siri ya rojo, mtoto akitoka madrasa hubeba sahani. Hoteli ya Peponi ya Shela, iliyofunguliwa 1967 na kubaki ya familia moja, imeandikwa sana na wasafiri. Hizi zetu hazina wa kuziandika, na baadhi hazina hata kibao mlangoni. Lakini muulize mwenye punda anakula wapi: atakutajia jina la mwenyewe, nawe utafika.

Asubuhi kuna mahamri na mbaazi za nazi. Mchana wali wa nazi na samaki wa kupaka, pembeni pilipili na gilasi ya ukwaju. Ijumaa ni biriani, na aliyechelewa kutoka msikitini hukuta ukoko. Kusi likikaza, mapishi hupungua, na hapo ndipo ninapowaheshimu zaidi. Ukiambiwa leo ni maharage na mchicha tu, elewa kwamba mwenye hoteli amekataa kukuuzia samaki aliyelala kwenye barafu tangu juzi.

Tena hoteli hizi zimepita pagumu kuliko kusi. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, Julai ikaja amri ya kutotoka nje usiku huku Lamu, na Ramadhani ilikuwa haijaisha. Mwezi ambao hoteli huishi kwa futari na daku, watu wakafungiwa majumbani. Mwaka 2020 korona ikaleta amri nyingine ya usiku, nchi nzima. Hoteli ya wafanyakazi wa mshahara haiwezi kuvumilia hivyo. Mwisho wa mwezi hulipa au hufunga. Familia hugawana kilichopatikana, na kisipopatikana hula kilichobaki sufuriani.

Subira hiyo tunaisifu, ila tusisahau ni nani anayeigharimia. Ni kijana anayeamka alfajiri kukuna nazi bila mshahara, huku wenziwe wakituma pesa kutoka Mombasa au Ghuba. Akiondoka naye, simlaumu. Mkono uliokuwa ujifunze lile rojo ndio umeondoka.

Nasi wateja tunamharakisha kuondoka. Kila hoteli ya namna hii ina daftari, na daftari limejaa watu wenye uwezo. Mvuvi hukopa kusi akalipa kaskazi, maana bahari ndiyo iliyomnyima. Hilo ni haki na ndivyo mji ulivyoishi siku zote. Lakini mwenye mshahara anayesema "niandikie" mwezi baada ya mwezi, kwa kuwa mwenye hoteli ni ami yake au walisoma chuo kimoja, anakula mtaji wa watoto wa watu. Mwenye hoteli hatamdai mbele ya watu, kwa haya. Atapunguza nazi kwenye mchuzi, kisha sisi tutalalamika kwamba chakula cha siku hizi si kile cha zamani.

Ukiwa na hitima au mkutano, agiza kwao na utangulize pesa za mchele na nyama. Usipunguze bei ya sahani ambayo wewe mwenyewe huwezi kuipika kwa gharama hiyo. Na kama jina lako limo daftarini, nenda ukalifute wiki hii.