Blanketi la Yeriko



Ndugu waamini, wiki hii tunaomba ruhusa ya kuzungumzia sinema. Wapo watakaoshangaa paroko kuwapeleka Hollywood, tena kwenye kisa cha mapenzi. Hata hivyo filamu tunayoikusudia, It Happened One Night, iliyotoka Februari 1934, imebeba picha ya usafi wa moyo inayoyapita mahubiri mengi, yakiwemo ya kwetu.

Mwongozaji wake, Frank Capra, alizaliwa mwaka 1897 huko Bisacquino, Sicily, katika familia ya Kikatoliki, akahamia Marekani angali mtoto. Mchezo uliandikwa na Robert Riskin kutokana na hadithi fupi ya Samuel Hopkins Adams. Columbia ilikuwa bado kampuni ndogo, hata ikabidi Clark Gable aazimwe kutoka MGM. Mwaka uliofuata filamu hiyo ilizoa tuzo 5 kuu za Oscar: filamu bora, mwongozaji, mwandishi, mwigizaji wa kiume na wa kike, yaani Gable na Claudette Colbert.

Ellie, binti wa tajiri, amefunga ndoa ya siri ya kiserikali na rubani mmoja mpenda anasa. Baba anaipinga, binti anajitupa majini kutoka katika meli ya baba yake na kupanda basi la kwenda New York. Humo anakutana na Peter, mwandishi wa habari aliyefukuzwa kazi. Mvua inakata njia, fedha ni chache, wanalazimika kulala chumba kimoja. Peter anafunga kamba kati ya vitanda viwili, anatundika blanketi, na kuliita kuta za Yeriko. Yeye, asema, si Yoshua, hana tarumbeta.

Tulitafakari sana blanketi hilo. Mtoto mdogo angeweza kuliangusha. Kinachoifanya nguo ile kuwa ukuta ni neno la mtu tu, na heshima aliyo nayo kwa binti asiye na mlinzi usiku ule. Vijana wanaokuja kwenye mafundisho ya ndoa hutuambia kwamba kusubiriana haiwezekani, na kwamba Kanisa linadai ya malaika. Peter si malaika. Ana kiburi, anapenda kunywa, na anamwandikisha binti yule kama mkewe bila haya. Lakini blanketi halivuki.

Wengine watasema ni udhibiti wa mapadre uliomfunga. Sivyo. Ni kweli kwamba Mjesuiti Daniel Lord alishiriki kuandika kanuni za maadili ya sinema mwaka 1930, na Papa Pius XI akausifu mwamko wa Wakatoliki wa Marekani katika waraka wake Vigilanti Cura wa mwaka 1936. Lakini kanuni zile zilianza kushikwa kwa ukali Julai 1934, filamu hii ikiwa imekwisha kuonyeshwa miezi kadhaa. Hatuzidharau sheria, tunasema tu kwamba blanketi lile halikutundikwa na mdhibiti.

Tunapenda pia tukio la fedha. Zawadi ya kumpata binti ilikuwa dola 10,000. Peter anamwendea baba na kudai dola 39 na senti 60, gharama za njiani, basi. Mzee yule aliyezoea kununua watu anamtambua mara moja mtu asiyenunulika.

Jambo moja hatukubaliani na Riskin. Ili Ellie awe huru, baba anamlipa rubani fedha nyingi, ndoa inabatilishwa, na watazamaji wanacheka. Tarumbeta inalia baada ya wawili kuoana, na hilo ni jema. Ila wapo waamini wanaodhani mahakama ya Kanisa nayo hufanya kazi hivyo, kwamba mwenye uwezo hununua ubatilisho. Mahakama ile huchunguza kama kifungo cha ndoa kilikuwapo tangu siku ya kiapo, wala haivunji kilichopo. Mwaka 2015 Papa Fransisko alirahisisha taratibu zake na kutaka, kadiri iwezekanavyo, zisiwe na malipo. Mwenye shida ya namna hiyo asikae nayo nyumbani akiogopa gharama. Aje ofisini, tukae, tuanze kuandika.